Hilux ya familia, njia za Msimbati mpaka Liwale: nina milioni sita, nianze na kipi?

Ligula Mjini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Hilux Vigo dabo kabini, dizeli ya cc 2,494, foo wili ya kuingiza kwa mkono. Niko Mtwara mjini. Kazini naenda kwa pikipiki, gari ni la familia: mimi, mama watoto, watoto wawili (miaka 12 na 7) na bibi yao, yaani mama yangu mzazi, ambaye safari asiyokuwepo yeye kwetu haiitwi safari.

Tunapenda kutoka wikiendi na likizo. Msimbati ndiyo kama nyumbani. Newala tumekwenda kusimama pale Shimo la Mungu kuangalia bonde la Ruvuma, Rutamba tumelala ziwani mara moja. Mwaka huu nataka Tendaguru, watoto waone kilima walikochimbwa mijusi wakubwa wa kale (dinosaria), na Mungu akipenda Liwale mpaka mpakani mwa hifadhi.

Sasa kilichonileta. Mwezi uliopita tulikwama Msimbati. Siyo ufukweni hata, ni kwenye ile njia ya mchanga katikati ya minazi. Nilikuwa nimetoka kujaza upepo sheli siku hiyohiyo, gari nyepesi, nikaona mchanga nikakanyaga mafuta. Mita thelathini tu likakaa. Nikaingiza foo wili, likazidi kukaa. Nikaingiza gia nzito, difu ikalala chini kabisa. Watoto wanachimba kwa sahani za pilau, mama kakaa kivulini hasemi kitu, na mama asiposema kitu ujue anasema mengi.

Saa moja na nusu. Akapita kijana na baiskeli, akashuka, akabonyeza tairi kwa kisigino, akacheka. Akaokota kijiti, akakaa chini akaanza kutoa upepo tairi moja moja huku anahesabu kwa sauti. Nilimwambia unaniharibia. Akasema "kaka, washa gari, rudi nyuma ulikotokea, taratibu." Likatoka kama halijawahi kukwama. Nikampa elfu kumi, akaondoka.

Aibu ile ndiyo imenifanya nikae chini nipange. Bajeti milioni sita, naweza kuongeza kidogo baada ya msimu wa korosho. Ninachowaza: winchi (mashine ya kujivuta kwa waya), bampa la chuma mbele na nyuma, kunyanyua gari inchi tatu, tairi kubwa za matope, snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini juu), kanopi (kifuniko cha bodi ya nyuma), keria na hema la juu, betri ya pili ya friji. Fundi mmoja wa hapa mjini ameniambia anaweza kufanya vyote.

Nianze na kipi? Picha nitaweka kesho, bando limekata.

Dumu Tupu

Ngoja waje wenye hela. Mimi nakaa hapa kwenye gogo.

Kangomba95

Mkuu nimesoma hadithi yako mara mbili. Aliyekutoa alikuwa na kijiti. Wewe umekuja kuulizia winchi.

Ligula Mjini

Umeniua mkuu 😂

Fundi wa Chuno

Mleta mada, nafanya kazi ya chini ya gari (springi, bushi, shokapu, difu) mwaka wa kumi na nane huu. Sina duka, kwa hiyo siuzi kitu hapa.

Kwanza hilo la inchi tatu lifute. Vigo mbele ina koili na mikono miwili, nyuma springi za mapande juu ya difu nzima. Nyuma unaweza kunyanyua utakavyo, mbele hauwezi. Ukipandisha mbele, zile shafti fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu zinakaa kwa pembe. Inchi moja na nusu mpaka mbili zinavumilia. Tatu, mipira yake inaanza kupasuka, grisi inatoka, vumbi la Newala linaingia, na miezi michache baadaye unasikia ka ka ka ka kila ukikata kona. Hapo unatafuta shafti mpya na bajeti yako imekwisha.

Pili, muulize fundi wako ananyanyuaje. Nimeona ya kila namna. Kuna wanaoweka kipande cha bomba juu ya koili. Kuna wanaochukua springi ya nyuma, wanaipasha moto mpaka nyekundu, wanaipinda upya. Inapendeza siku ya kwanza. Chuma cha springi kikishapashwa moto hivyo bila kupozwa inavyotakiwa, ugumu wake umeondoka, springi itarudi ilipokuwa au itakatika, na haikatikii nyumbani.

Tatu, na hili karibu kila mtu analisahau. Vaa ovaroli uingie chini, angalia juu ya difu ya nyuma. Kama gari yako haina ABS (breki za kuzuia tairi kujifunga) utaona kifimbo kimeunganishwa kutoka kwenye difu kwenda kwenye valvu ya breki kwenye chesisi. Kazi yake kuhisi mzigo. Bodi ikishuka, valvu inajua umebeba, inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Bodi ikiwa juu, inadhani uko mtupu, inapunguza. Sasa wewe ukinyanyua nyuma inchi tatu na fundi asirekebishe kile kifimbo, gari litaamini liko tupu maisha yake yote. Umejaza familia na maji, unashuka kilima cha Newala, breki za nyuma hazifanyi kazi yake. Nimerekebisha mbili za hivyo. Mmoja alikuja kwangu kulalamika kwamba pedi za mbele zinaisha haraka, kumbe mbele ndiyo inasimamisha gari peke yake.

Kabla ya yote hayo, bushi zako zikoje? Bolijointi? Tairodi? Gari ina kilomita ngapi?

Ligula Mjini

Fundi, asante sana, hilo la kifimbo sijawahi kulisikia popote. Kilomita 214,000. Bushi za mkono wa chini zinalia nikipita tuta. Tairi ni 265/70R16, mbili zimeisha, mbili zina nusu.

Fundi wa Chuno

Basi jibu la "nianze na kipi" umeshalitoa mwenyewe. Linalia.

Liwale Porini

Wakuu msimkatishe tamaa mwenzetu kwenye winchi. Ninyi mnaongelea Msimbati, pale ukikwama dakika ishirini haiishi bila mtu kupita. Mimi natembea Nachingwea, Liwale na vijiji vya ndani kwa ajili ya ufuta na korosho. Kuna mahali ukizama kwenye ile ardhi nyeusi ya mbuga saa nane mchana, mtu wa kwanza utakayemwona ni kesho, na anaweza kuwa tembo. Kutoa upepo kwenye mfinyanzi kunasaidia kidogo, lakini ule udongo ukishajaza meno ya tairi unakuwa na mipira minne ya udongo, huna tairi tena. Hapo winchi ndiyo rafiki.

Mwaka juzi nilitoka peke yangu kwa winchi, na mti wa karibu ulikuwa mbali kuliko waya. Nilichimba shimo la kufika kiunoni, nikalaza spea tairi ndani, nikafunga waya katikati ya rimu, nikafukia. Lilivuta. Lilikuwa zoezi la saa tatu na mgongo uliniuma wiki nzima, ila nililala nyumbani.

Kangomba95

Liwale Porini, wewe unakwenda kwa biashara, na lazima uende mvua ikinyesha. Yeye anakwenda na bibi na mtoto wa miaka 7. Mwenye familia haingii mbuga ya Liwale mwezi wa pili. Anasubiri Juni, anapita pakavu, anarudi. Mvua zetu za huku ni msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, mara nyingine zinagusa Mei. Miezi sita ya ukavu unayo, unatafutia nini matope?

Liwale Porini

Sawa, ila mvua haisomi kalenda. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, watu walikuwa wamepanga safari zao vizuri tu, na ile ni lami, barabara kuu ya Lindi kwenda Dar. Ilikatika Somanga, mabasi na malori yakalala pale.

Kangomba95

Na winchi ingefanya nini pale daraja limeondoka?

Liwale Porini

😂 Hapo umeshinda. Ila msimamo wangu uko palepale.

Mama Wawili Mikindani

Habari zenu kaka zangu. Huwa nasoma tu nyuzi za magari, leo nimeona niseme maana kote huku hakuna aliyemuuliza mkewe wala mama yake.

Mimi ndiye dereva kwetu. Mume wangu anafanya kazi baharini, gari na watoto ni juu yangu. Tuna pikapu ya dabo kama hiyo, tulimfuata fundi akatuwekea springi ngumu za nyuma, "za kubebea." Gari likiwa na mzigo wa tani, raha. Likiwa na mimi na watoto, linaruka kama mbuzi. Mwanangu mdogo alikuwa anatapika kuanzia Mikindani mpaka Mingoyo, tena kwenye lami. Mama mkwe alipanda mara moja Lindi na kurudi, akasema mara ya pili atapanda basi.

Kwa hiyo kaka, kabla hujagusa springi jiulize gari linabeba nini siku zote, siyo siku moja ya mwaka. Na usiwaze kumpunguzia mtu nafasi kwa kumpandisha mtoto nyuma ya bodi "mpaka hapo mbele tu." Naona wengi Msimbati wanafanya hivyo kwenye mchanga, watoto wamesimama, gari linapiga shimo moja.

La pili, kanopi. Nzuri, mizigo haipati vumbi. Lakini ukisafiri na kidirisha chake cha nyuma wazi, moshi wa gari unavutwa unaingia ndani. Sisi tulidhani watoto wana usingizi wa safari. Funga cha nyuma, na cha kati kinachoingia kabini kifunge pia.

Na choo. Hakuna mwanaume anayeandika choo kwenye orodha. Beba kitambaa kikubwa na koleo, bibi atakuombea dua.

Ligula Mjini

Dada umenigusa. Nimemsomea mama yangu ujumbe wako, amesema "huyo ana akili, wengine wote wanaongelea vyuma."

Msafiri wa Mingoyo

Naomba nizungumzie tairi maana ndiyo kitu pekee kinachogusa ardhi.

Mleta mada ametaja tairi kubwa za matope. Hebu tupige hesabu. Tairi yako 265/70R16, ukubwa wake toka juu mpaka chini ni kama milimita 777. Ukienda 265/75R16 unapata kama 804. Tofauti milimita 27, lakini difu inapanda nusu yake tu, 13. Unene wa kidole. Kwa kidole hicho, spidomita itakudanganya: ukisoma 80 unakwenda karibu 83, gia zinakuwa nzito kidogo, na huenda tairi ikaanza kulamba plastiki za ndani ukikata usukani wote. Mimi ningekaa na 265/70.

Kuhusu meno: za matope tupu ni kelele. Mtwara mpaka Lindi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, Mtwara mpaka Masasi kama 200, hata kuelekea Newala zile 50 za mpaka Mnivata ni lami. Hesabu safari zako zote za mwaka, kilomita tisa katika kumi unatembea lami au changarawe. Tairi ya matope kwenye lami yenye maji inachelewa kusimama. Chukua za mchanganyiko, zile zilizoandikwa AT, lakini ziwe zenye kuta nene za magari ya mzigo, siyo zile za magari ya kutembelea.

Kuta ndizo muhimu huku kwetu kwa sababu ya visiki. Anayetoka kwingine hajui. Njia zetu za mashambani watu wanafyeka kwa panga, kijiti kinabaki kimechongoka kama mkuki kimeinama kuelekea njiani, na nyasi zimekifunika. Kinaingia ubavuni mwa tairi. Pancha ya katikati unaziba kwa uzi palepale, ya ubavuni tairi limekufa. Mimi nilipoteza mawili siku moja nikitafuta njia ya Tendaguru, nikiwa na spea moja.

Halafu angalia tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usikubali tairi "mpya" iliyokaa dukani miaka sita kwenye joto la Mtwara. Na nunua tano, siyo nne.

Dumu Tupu

Wewe Tendaguru ulifika? Kuna nini cha kuona?

Msafiri wa Mingoyo

Nilifika safari ya pili. Kwa macho, ni kilima na miti, wala usiwaahidi watoto mifupa. Mifupa iko Berlin, Wajerumani waliichimba 1909 mpaka 1913, na ule mjusi mkubwa waliousimamisha kwenye makumbusho yao una urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Lakini waeleze watoto hivi: msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, na mzigo wote ule, zaidi ya tani 200, ulitoka porini mpaka bandari ya Lindi vichwani mwa wapagazi. Siku kadhaa kwa miguu. Mimi nilipokuwa nimekaa pale na tairi mbili zimepasuka, nikilalamika, niliwakumbuka nikanyamaza.

Chukua mtu wa kijijini akuongoze. Njia zinagawanyika kwenye mashamba na ramani ya simu inakupeleka kwenye mihogo ya watu.

Mpwa wa Rondo

Upepo mumeutaja kwa juujuu. Namba zangu (kwa PSI, kipimo cha upepo), kwa pikapu yenye familia: lami 35. Changarawe na makorongo 28. Mchanga wa Msimbati 18, ukikwama kabisa 15 na usishuke zaidi ya hapo, maana tairi inaweza kuvuka ukingo wa rimu ukikata kona. Ukiwa na 18 usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa, usipige kona kali, na ukifika lami ujaze kabla hujaondoka. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanatoa upepo vizuri, halafu hawana pampu, wanarudi Mtwara na tairi laini kwa mwendo wa 90. Tairi inachemka ndani. Pampu ya kufunga kwenye betri na kipima upepo ni vitu vya bei ndogo kuliko bampa, na ungekuwa navyo siku ile, yule kijana angekupita akakusalimia tu.

Kwenye mchanga usipige breki. Achia mafuta, gari litasimama lenyewe juu ya mchanga. Ukipiga breki unajijengea ukuta mbele ya kila tairi. Likianza kuzama acha mara moja, rudi kwenye nyayo zako mwenyewe. Wewe ulizika gari kwa mguu wa kulia, mkuu, samahani.

Na ukishuka ufukweni jua bahari. Bamvua ya huku maji yanapanda zaidi ya mita tatu. Waulize wavuvi, siyo simu. Ukirudi osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo, chumvi haina haraka lakini haisahau.

Ligula Mjini

Naandika yote kwenye daftari. Vipi snokeli?

Fundi wa Chuno

Snokeli ina faida moja ya kweli kwako: hewa inavutwa juu, vumbi linapungua, filta inadumu. Kuingia mtoni ni habari nyingine. Watu wanaweka snokeli halafu wanaona wamenunua mtumbwi. Maji yanayotembea yakifika kwenye milango yanalisukuma gari hata lingekuwa na snokeli tano.

Halafu snokeli inalinda injini peke yake. Difu je? Difu ina kibomba cha kupumulia juu yake. Umetembea saa mbili, difu ni ya moto, unaingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea ghafla na kuvuta. Kama kile kibomba kimezama, inavuta maji. Mwaka huu nimefungua difu ya jamaa aliyevuka kijito kimoja tu, nikalegeza nati ya chini, ikamwagika kitu rangi ya chai ya maziwa. Akaniuliza "hiyo ndiyo oili?" Nikamwambia ilikuwa.

Dawa yake ni mita mbili tatu za mpira wa mafuta na vibano. Unaunganisha kwenye kibomba cha difu ya nyuma, ya mbele na gia boksi, unapandisha mpaka usawa wa bodi au ndani ya boneti. Kazi ya asubuhi moja, na ukinunua mpira mwenyewe mimi nafanya kwa hela ya chai. Hiyo kwanza, snokeli mwakani.

Liwale Porini

Hapo naungana na fundi. Na wanaosema "shuka utembee kwanza upime kina" wawe waangalifu, karibu na Ruvuma mamba hawaulizi unapima nini. Mimi huwa nangoja mwenyeji apite.

Mpwa wa Rondo

Nyongeza ndogo: mwezi wa tano na wa sita nyasi katikati ya njia ni ndefu na zinaanza kukauka. Mbegu zake zinaziba rejeta kama blanketi, injini inachemka bila sababu. Nyasi nazo zinajikusanya juu ya ekzosi. Kila kituo piga goti, angalia chini, toa kwa mkono. Chombo cha kuzima moto kiwe kabini, siyo chini ya mizigo.

Kangomba95

Swali langu ambalo hakuna aliyeuliza: mleta mada, gari lako lina uzito gani sasa hivi na familia ndani? Siyo kwenye karatasi. Kwenye mizani. Vitu vyote ulivyoorodhesha ni vyuma, na kila chuma kina kilo. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibati chenye uzito wa mwisho gari inaoruhusiwa. Soma, kapime, urudi.

Ligula Mjini

Wakuu nimerudi, ni siku tisa.

Nilikwenda kwenye ghala moja la korosho lenye mizani ya malori. Msimu haujaanza, jamaa alikuwa amekaa tu, soda mbili zikatosha. Mizani yake inasoma kwa kumi kumi.

Gari tupu, tanki limejaa, zana zangu za kawaida: kilo 1,890.

Jumamosi nikarudi na kila mtu na kila kitu kama tunakwenda kulala. Mama aligoma kushuka kupimwa peke yake, akasema yeye siyo gunia. Watu watano, madumu matatu ya maji, dumu la dizeli, mtungi wa gesi, hema, magodoro, chakula. 2,380.

Kibati kinasema 2,730.

Nikakaa na daftari pale kwenye kivuli cha ghala. Bampa la mbele 60, winchi yenye waya 40, kanopi 75, keria na hema la juu 105, betri ya pili 20, bampa la nyuma 45. Jumla 345. Nikijumlisha napata 2,725. Zinabaki kilo tano, hapo hatujanunua samaki.

Nimekuwa nikipanga kulijaza gari langu mpaka ukingoni kwa vyuma, halafu niwapandishe mama na watoto juu yake na kuwapeleka njia mbovu.

Fundi wa Chuno

Na hujagusa jambo moja. Bampa na winchi vinakaa mbele ya ekseli ya mbele, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao. Kilo 100 pale zinaelemea ekseli ya mbele kwa zaidi ya 100 na kuipunguzia nyuma. Koili na shokapu za mbele zitazama, halafu utasema unyanyue tena.

Watu wachache sana wanakwenda kupima. Umefanya vizuri.

Liwale Porini

Nimekubali kwa leo. Ila nunua angalau kamba nzuri ya kuvutia, ile inayonyumbuka, siyo mnyororo. Mnyororo ukikatika ni risasi. Na usifunge kamba kwenye mpira wa kuvutia tela, ule ukichomoka unaua mtu. Hata vile vipete vya chini ya bampa la mbele, vingi vimewekwa kufungia gari melini. Mwambie fundi akutengenezee mahali pa kuvutia penye bolti mbili kwenye chesisi, mbele na nyuma. Ukifunga kwenye mti, tumia mkanda mpana, minazi na mikorosho ni mali ya watu, usiwachune.

Ligula Mjini

Sawa wakuu. Nimeamua hivi. Bushi zote za mbele, bolijointi na shokapu nne, nyuma springi zinabaki za kiwandani ila naongeza pande moja jepesi kwa sababu ya madumu. Mbele napandisha inchi moja na nusu, alaimenti, na kifimbo cha breki fundi ataniwekea mwenyewe. Tairi tano 265/70 za mchanganyiko. Pampu, kipima upepo, vibomba vya difu, kamba, mkanda, koleo fupi, mbao mbili za kukanyagia. Kanopi ya turubai badala ya ile ya plastiki ngumu. Hema la chini tunalo.

Bampa, winchi, keria, betri, vyote nimefuta. Friji mama watoto ametetea kwa machozi, tumekubaliana kasha la barafu.

Inabaki kama milioni moja na kidogo. Nikaulize tena snokeli?

Mama Wawili Mikindani

Nunua mkanda wa kiti cha mtoto na mto wa mgongo wa bibi. Inabaki laki tisa.

Ligula Mjini

🙏🏾 Nimeandika.

Fundi, nakuja Jumatatu na mpira wa mafuta. Na anayejua hali ya njia ya Nachingwea kwenda Liwale kwa sasa aweke hapa tafadhali.

Liwale Porini

Bado kuna vidimbwi viwili vibaya. Subiri wiki tatu, nitakuambia mwenyewe. Nikiwa natoka Nachingwea tunaweza kuongozana, mimi mbele, winchi yangu ipo 😉

Ligula Mjini

Nashukuru kaka. Wiki tatu sawa. Mama amesikia habari ya Liwale, tayari ameanza kuulizia ming'oko (vile viazi pori) ya njiani, anasema anabeba kapu zima.

Kangomba95

Kapu lipimwe.